Gari Lililompita Mama Kimo

Ulverstone, Tasmania
Jumapili, 16 Juni

Kwa dada yangu Rosslyn,

Nakusalimu wewe pamoja na Tamsin, nikitumaini barua hii itawakuta mko salama huko Bunbury, na kwamba kile kikohozi ulichonitajia wakati wa Pasaka kimeshakuacha. Sisi huku tupo. Mvua imetushika tangu mwezi ulipoandama, mto umefura, na wakulima wa viazi wananung'unika kwa sababu matrekta hayaingii shambani. Mimi mwili ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua ninapolala chini ya gari, lakini hilo ni la ukoo, Mama alikuwa nalo na wewe utakuwa nalo.

Najua hukuzoea kupata barua kutoka kwangu. Kwa kawaida nakupigia simu, tunaongea habari za hali ya hewa mpaka mmoja wetu achoke. Safari hii simu nimeiogopa. Ningesikia pumzi zako tu ningenyamaza. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, na Tamsin asiwepo mpaka umalize. Baadaye umpe naye asome, yote, usimpunguzie.

Nianze na habari za nyumbani. Banda la Mama nimelifungua tena. Nilikuwa nimeapa nisirudishe darasa lake la Jumamosi la kuwafundisha wanawake ufundi wa magari, lakini mwezi wa pili Noelene, yule muuguzi wa nyumba ya wazee, alikuja akagonga mlango wangu akaniambia kwamba nimeomboleza vya kutosha na gari lake linavuja. Sasa wanakuja wanawake sita. Noelene amebadilisha alterneta, ile inayochaji betri, kwa mikono yake mwenyewe. Alipowasha injini na ile taa ya betri ikazimika, alikaa juu ya ndoo akalia. Nilimwambia afute machozi kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na grisi, na nilipokwisha kusema nikatambua kwamba hayo yalikuwa maneno ya Mama, na sauti ilikuwa ya Mama.

Mwezi uliopita tulimpata mwenzetu mpya, mjane mmoja anayeitwa Philippa, anakaa upande wa Turners Beach. Alikuja na gari refu kama ghala la nafaka. Wenzake hawakumwacha apumue. Noelene alimuuliza kama amekuja kujifunza magari au kupanda mlima. Mwingine akasema tumtafutie ngazi kabla hatujamtafutia spana. Philippa hakukasirika. Alisema kwamba barabara ya kwenda Burnie siku hizi kila gari limekuwa refu, na kwenye kigari chake cha zamani alikuwa haoni kitu ila magurudumu na mabampa ya wenziwe. "Nimelinunua kwa woga," alisema, "si kwa majivuno. Mkinipa barabara ya zamani nitarudisha gari la zamani." Mimi ambaye nimeyatukana magari hayo miaka na miaka, nilimkabidhi spana.

Kisha nikafanya jambo ambalo sijui lilitoka wapi. Niliwaambia wakae kwa zamu kwenye kiti cha dereva cha Philippa, na mmoja wao ainame mbele ya boneti kama anaokota kitu. Noelene si mfupi, unamjua. Alipoinama alitoweka. Philippa, mwenye gari, alikaa pale juu ameshika usukani, akauliza, "Yuko wapi? Ameshaondoka?" Nami nilitoka nje nikasimama mvuani, mpaka walipokuja kunitafuta.

Nadhani umeshaanza kuona ninakokwenda. Nivumilie, sitaki kufika mbio.

Nimekuwa nikimfikiria Mama wa zamani kuliko huyu wa mwisho. Unakumbuka miaka ile Baba alipokuwa mgodini Rosebery, anakuja nyumbani wiki moja tu kwa mwezi, na lile gari letu la Morris likatufia kwenye mlima wa Castra. Wewe ulikuwa na miaka tisa, mimi sita. Wanaume watatu walisimama, mmoja baada ya mwingine, na wote waliuliza swali moja: mumeo yuko wapi? Hakuna aliyefungua boneti. Wiki ile ile Mama akaazima kitabu cha ufundi kule maktaba, na hakukirudisha mpaka maktaba ilipochoka kumwandikia. Tangu hapo hakuna fundi aliyegusa gari la nyumba yetu. Kila tulipomuuliza kwa nini anajitesa alijibu kwamba gari usiloweza kulifungua si lako, umeazimwa tu. Na wewe ukiwa na miaka kumi na saba ulibadilisha klachi Ijumaa mchana ukaenda dansini Ijumaa jioni na kucha nyeusi. Lyall mumeo amewahi kuniambia kwamba alikupenda kwa sababu ya kucha zile. Wasichana wengine wote ukumbini, alisema, mikono yao ilikuwa kama haijawahi kushika kitu.

Lyall aliponunua lile pikapu la Kimarekani, sisi wanawake watatu tulimcheka, na nikisema kweli, tulimcheka kupita kiasi. Mama ndiye aliyelibatiza jina la Meli. Kila Jumapili aliposikia mngurumo barazani alikuwa anasema, "Meli imetia nanga, nendeni mkapokee abiria." Alikuwa akisimama mbele ya gari anaweka kiganja juu ya utosi, kama mtu anayepima mtoto ukutani, na kiganja hakikufika ukingo wa boneti. "Lyall," alimwambia siku moja, "ukitaka kunisalimu shuka kwanza. Mimi siongei na ghorofa." Lyall alicheka, lakini masikio yalimwiva. Wewe ulikuwa unamwambia kwamba mbele ya duka la Coles anaegesha kama mtu aliyenunua kiwanja. Mimi nilikuwa mbaya kuliko nyinyi wote, kwa sababu nyinyi mlimtania, mimi nilimdharau. Sikuwahi kumuuliza kwa nini alilitaka. Amenieleza mwaka huu, bila kuulizwa. Alisema shuleni alikuwa mfupi kuliko wote, kazini alikuwa mtu wa kutumwa, na ndani ya gari lile watu walikuwa wanamwinulia mkono barabarani. "Mle ndani nilikuwa mrefu, shemeji," alisema. "Ni hilo tu. Upumbavu wa hivyo tu."

Sasa siku yenyewe. Unaijua, lakini ulikuwa jikoni, na kuna mambo hukuyaona. Ile Jumapili ya Aprili mwaka jana tulikula kondoo wa kuoka na boga, Mama akala kidogo akasema amehifadhi nafasi ya tofaa. Baada ya chakula Lyall alitaka kuliondoa pikapu lake pale mlangoni ili mimi nipate kutoa gari langu bandani. Aliliwasha, akakumbuka miwani yake, akarudi ndani kuifuata huku injini inanguruma. Mimi nilikuwa mlangoni mwa banda. Mama alitoka kwa mlango wa pembeni na sahani ya mabaki ya chakula ya kulisha kuku wake. Alipopita mbele ya gari aliona matone yanaanguka chini. Unamjua Mama, asingeweza kupita tone. Aliweka sahani, akainama, akanyoosha kidole agundue kama ni oili au maji. Vile vifaa vyake vya kumsaidia kusikia alikuwa ameviacha mezani, na injini ilikuwa inanguruma tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna kilichobadilika cha kumshtua. Lyall alirudi kwa upande wa nyuma, akapanda. Nilipiga kelele. Injini iliimeza sauti yangu. Gari lilikwenda hatua tatu tu, dada, mwendo wa mtu anayetembea na mgonjwa.

Yalikuwa maji. Maji tu ya kile kipoza hewa.

Wewe ulitoka, ukaona, ukarudi ndani kupiga simu ya gari la wagonjwa, na ulibaki kwenye simu kwa sababu walikutaka ubaki. Lyall alikuwa amepiga magoti ameshika kichwa cha Mama, anasema, "Sikumwona, skrini ilikuwa nyeusi, sikumwona." Aliyarudia maneno hayo mpaka polisi walipofika, na walichukua karibu dakika arobaini. Aliwaambia hao polisi. Aliwaambia wa pili waliokuja kupiga picha. Alisema tangu Ijumaa skrini ya kamera ya mbele ilikuwa haionyeshi kitu. Jioni ile ile fundi wao alikaa kwenye kiti, akaweka gia, na skrini ikawaka, safi, inaonyesha nyasi na ile sahani ya mabaki.

Mengine uliyasikia kwa masikio yako mahakamani. Wakili alimuuliza Lyall kama yule aliyefunga ngao ya chuma mbele ya gari siku tatu kabla angeweza kusahau waya wowote. Alikuwa anamfungulia mlango wa kutokea, kila mtu aliona. Lyall akasema, "Hapana. Shemeji yangu hasahau waya. Kazi yake huwa safi." Na mimi nilipoitwa niliulizwa kama kila kitu kilikuwa mahali pake, nikajibu ndiyo, kila kitu kilikuwa mahali pake. Hakimu alisema kwamba mtu anayesingizia mashine bado hajakutana na kosa lake. Wakamnyang'anya leseni miaka mitatu, na kile kifungo cha nje ukakisikia. Pale kwenye ngazi uliniambia maneno ambayo nimelala nayo miezi yote hii. Ulisema kwamba kumuua Mama ungeweza kumsamehe, kwa sababu hakukusudia. Lakini uongo amekusudia, na huwezi kulala kitanda kimoja na mtu aliyemfanyia Mama uongo akiwa bado hajazikwa. Nilikuwa nimekushikia mkoba. Nilikupa mkoba wako, nikakukumbatia, na wiki iliyofuata nikawapeleka wewe na Tamsin uwanja wa ndege.

Wiki tatu zilizopita Lyall alikuja hapa. Alikuja kwa baiskeli, kilomita kumi na nne, kwenye mvua. Siku hizi anachambua vitunguu kwenye ghala moja huku upande wetu, kwa sababu bila leseni kazi ya zamani isingewezekana. Amekonda. Nilimpa taulo na chai, akakaa pale kwenye kiti cha Mama bila kujua kwamba ni cha Mama, au labda akijua. Alitoa bahasha ndani ya koti, karatasi imelowa pembeni. Akaniambia, "Shemeji, nimefikiri sana. Nadhani ilikuwa inawaka."

Nilimuuliza nini kilikuwa kinawaka.

"Skrini. Kila mtu anasema iliwaka. Fundi wa polisi si mwongo. Rosslyn si mjinga. Mimi ni nani niwe peke yangu ninayejua?" Alisema kuna mtaalamu anayemwona, na huyo amemweleza kwamba akili ya mtu inaweza kujitengenezea giza ili isione ilichokiona. Sasa, alisema, ameanza kumwona. Akifumba macho anaiona skrini inawaka, Mama yuko katikati, ameinama na ile fulana yake ya kijani, na yeye Lyall anamtazama, kisha anakanyaga mafuta. "Nilimwona," aliniambia. "Lazima nilimwona." Ile karatasi ilikuwa barua kwako. Alikuwa ameandika kwamba alisema uongo. Alitaka niisome nimrekebishie maneno, kwa sababu, alisema, mimi ndiye msomi wa familia, na kwa sababu aliogopa kukuudhi tena kwa kuandika vibaya.

Niliichukua ile karatasi. Nilimwambia nitaitazama. Nilimwangalia akipanda baiskeli yake, ile mvua ikimpiga mgongoni, na sikumwita.

Rosslyn, Lyall hakusema uongo. Skrini ilikuwa nyeusi. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyeizima, na mimi ndiye niliyeiwasha.

Alinijia Alhamisi ile kwa sababu alikuwa amegonga kangaruu mdogo kule njia ya Gunns Plains, na gereji za mjini zote zilimwambia asubiri mwezi. Nilikubali kumfungia ngao. Ili kuifunga lazima uchomoe waya wa ile kamera ya mbele, kichwa chake ni kidogo, kinakaa nyuma ya wavu wa redieta. Nilikichomoa. Nilifanya kazi kutwa, na Lyall alikaa kwenye ndoo akinipa maneno. Ulikuwa utani wake wa siku zote. Aliniuliza kama kale kagari kangu nakaendesha au nakavaa. Aliniuliza kama ni kweli mimi nimefunga zile bolti au kuna mwanaume nimemficha shimoni. Nilimjibu, tukacheka. Kisha akasema, "Siku moja nitakakanyaga haka na wewe ukiwa ndani, na wala sitahisi kitu." Alikuwa anatania. Najua alikuwa anatania. Lakini nilikuwa nimelala chini ya mzigo ule wa chuma tangu asubuhi, mgongo unauma, na nilikumbuka kila mara nilipofuatwa nyuma na gari kama lile barabarani, taa zake zinanijaa kwenye kioo mpaka sioni njia yangu mwenyewe.

Nilipomaliza kukaza bolti ya mwisho nilikiona kile kichwa cha waya kinaning'inia. Sikusahau. Hakimu angeweza kunisamehe kusahau, na wewe pia. Nilikiona, nikakishika kabisa kwa vidole, nikakiacha. Nilisema moyoni, mwache aje. Atakuja kesho au keshokutwa, mkia umekunjwa, aniambie shemeji skrini imekufa, naomba unitazamie. Nami nitamwambia atumie macho kama sisi wengine. Nilitaka aombe, dada. Mara moja tu. Nilitaka yule mtu mrefu wa barabarani aje kwenye banda la wanawake aombe.

Na angekuja kweli. Ameniambia jana. Ijumaa aliona imezima, akaona aibu kunisumbua tena siku ya pili tu, akasema moyoni ataniambia Jumapili tukishakula.

Siku ile nilipofika mbele ya gari, Lyall amepiga magoti, wewe uko kwenye simu, nilipiga magoti na mimi. Nilishika mkono wa Mama. Ulikuwa bado na joto, na kidole kile cha shahada kilikuwa kimelowa maji. Nilijua hayupo. Kisha nikasikia Lyall akisema skrini, skrini, na mkono wangu wa kulia ukapanda wenyewe kati ya zile nondo za ngao, ukapapasa, ukakipata. Nilimshika Mama kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine nikakirudisha kichwa cha waya tunduni. Kiliingia na ule mlio wake mdogo. Lyall hakusikia. Hakuna aliyesikia ila mimi, na mimi nimeusikia kila siku tangu siku ile.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Saa ile ilikuwa woga, hofu ya mnyama, sina jina lingine. Siku ya pili nilijiambia nitasema baada ya mazishi. Baada ya mazishi nilijiambia mahakama itamwachia. Haikumwachia, na hapo nikajiambia kwamba hata hivyo ni yeye aliyeendesha, ni yeye aliyenunua dude la kumzidi mwanadamu kimo, na kamera isingehitajika kama angekuwa na gari la kuonea nje. Hoja hiyo ilinitosha miezi mingi. Ni hoja nzuri, bado naiamini. Lakini sikuwa na haki ya kuitumia. Na wewe ulikuwa unaniambia kwenye simu kwamba bila mimi ungevunjika, na kila uliponishukuru nilizidi kukosa pa kuanzia.

Labda ningeendelea. Sitajipamba. Kilichonishinda ni ile karatasi yake. Nimeweza kuvumilia aitwe mwongo na watu. Nimeshindwa kuvumilia aanze kujiita mwenyewe, na achukue kumbukumbu ambayo haikuwahi kuwepo, Mama ameinama kwenye skrini, akae nayo mpaka afe.

Jana nilichukua gari nikaenda kwake. Anakaa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mzee mmoja wa kanisani. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, mwanzo hadi mwisho, nimesimama, kwa sababu sikuona haki ya kukaa. Nilifikiri atanipiga au atanifukuza. Hakufanya lolote. Akauliza tu, "Ilikuwa nyeusi?" Nikasema ilikuwa nyeusi. Akauliza tena, "Sikumwona?" Nikamwambia hukumwona, Lyall, usingeweza kumwona. Akaniomba nirudie. Nilirudia. Akaniomba mara ya tatu, nikarudia, na hapo akaanza kulia, kichwa kimeegemea ukuta, kama mtu aliyetuliwa mzigo na mabega bado hayaamini. Nilipotaka kutoka aliniuliza jambo moja tu, kama wewe unajua. Nikamwambia bado. Alisema nikuandikie kwanza kabla sijakwenda kwa wengine, usije ukasikia kwenye redio au kwa majirani. Hiyo ndiyo sababu nakuandikia barua hii leo na si wiki ijayo. Ni yeye aliyekuombea.

Kesho asubuhi nakwenda polisi kuandikisha maelezo. Noelene atanipeleka, nimemweleza naye. Alisema tu atakuja saa mbili na nusu. Banda nimemkabidhi funguo. Sijui watanifanyia nini na sijali kama nilivyodhani ningejali. Ile barua ya Lyall sikuitia humu. Nimemrudishia, naye ameichana mbele yangu.

Sikuombi msamaha, kwa sababu ukimwomba mtu kwa karatasi umemlazimisha akujibu, na mimi sina haki ya jibu lako. Ukitaka kunyamaza mwaka, nyamaza. Ukitaka kuja kunitukana uso kwa uso, njoo, chumba chako kipo. Kitu kimoja tu nakusihi: usinijibu mimi kwanza. Mpigie Lyall. Si lazima umrudie, hilo ni lako. Mwambie tu kwamba umejua, na umpe Tamsin simu aongee na baba yake. Nambari ni ile ile ya zamani. Anasema kampuni ya simu imemshauri mara mbili abadilishe apate ya bei nafuu, naye amekataa, kwa sababu ni hiyo tu mnayoijua.

Mpe Tamsin salamu za mama yake mdogo, kama atazipokea. Wasalimie na majirani zako waliowapokea vizuri mlipofika. Mungu awafunike huko mliko, wewe na mtoto.

Ni mimi, mdogo wako,
Merran